Safu ya Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, Aberdeen, mwezi wa Mei,
na jua limekwisha kupanda, halina subira na waliolala.
Ishbel Farquhar yuko juu ya jengo la maegesho, ghorofa ya saba,
chupa ya chai miguuni, darubini shingoni,
kihesabio kikilia tk, tk, ndani ya kiganja.

Kazi yenyewe haina maajabu: kiota kimoja, mbonyezo mmoja.
Shakwe anayeatamia kando ya dohani: tk.
Anayeatamia mferejini, juu ya ofisi ya kodi: tk.
Anayesimama tu, anayatukana mabasi, huyo hahesabiwi.
Fomu inawataka wenye makazi.
Ya wazururaji haijachapishwa bado.

Ng'ambo ya barabara dirisha linafunguka.
Mzee Duthie, na pajama yake ya mistari:
"Unawahesabu ili muwaondoe?"
"Nawahesabu ili tujue ni wangapi."
"Ni wengi mno. Andika hivyo."
Hajasahau mkate wa nyama ulionyakuliwa mkononi mwake
siku ya mazishi ya dada yake, mbele ya kasisi.
Ishbel anaandika: viota mia mbili arobaini na kimoja.
"Wengi mno" haina kisanduku.

Jumamosi anaendesha gari kwenda kaskazini, hadi jabali la Pitmurchie,
ambako mama yake alilala kifudifudi kwenye nyasi mwaka wa themanini na saba
akaandika kwa penseli: mia tisa, pengine zaidi, upepo umenizuia.
Leo hakuna upepo. Hakuna kisingizio.
Anahesabu mara mbili, halafu mara ya tatu kwa kidole, kama mtoto:
sitini na tatu.
Kwenye ngazi za mwamba zilizokuwa nyeupe kwa vinyesi
magugu yamestawi,
yamenona kwa mbolea ya waliohama.

Mgagaa na upwa hali wali mkavu, husemwa.
Na walioupa upwa kisogo je?
Hao hula chipsi zenye siki, na ngozi ya kuku,
na matapishi ya Ijumaa usiku nje ya baa.

Wullie Cruickshank, mwenye shamba, anazima trekta.
"Hawajapotea," asema. "Huja saa mbili asubuhi, kama vibarua.
Nikigeuza udongo wananifuata nyuma, weupe tupu,
wanaokota minyoo. Jioni wanarudi mjini kulala.
Hata hawaagi."

Jumatatu, tena paani, anaelekeza darubini ya miguu mitatu
mpaka kwenye mguu wa yule wa ofisi ya kodi.
Pete ya manjano, herufi nyeusi zilizochakaa.
Anafungua daftari la zamani, lile lenye doa.
Doa analikumbuka: kifaranga wa Pitmurchie, Julai,
miaka kumi na tisa iliyopita,
alimtapikia samaki mzima kwenye mkono wa sweta
alipokuwa akimvisha hiyo pete.

Kazaliwa jabalini. Analea wanawe juu ya mafaili ya kodi.
Anakula nyuma ya jembe la Wullie.
Fomu ina safu mbili: Mjini. Mashambani.
Jumla ya kwanza hupelekwa kwa wanaotaka nyavu na miiba,
ya pili kwa wanaolia.

Ishbel anachukua rula. Anachora safu ya tatu,
bila kuipa kichwa,
anaandika moja.

Juni barua inarudi kutoka makao makuu, fupi, yenye heshima:
Kuna kosa katika fomu yako.
Anajibu kwa mkono uleule ulioshika biskuti:
Najua. Kosa hilo lina mayai matatu.

Ng'ambo ya barabara dirisha liko wazi tangu mapema.
Mzee Duthie amevaa koti juu ya pajama,
amejiegemeza kwenye kizingiti, hasemi neno kwa dakika nzima.
Kisha, kama mtu anayeuliza habari za basi:
"Yule wa kodi. Ameshaangua?"